Msitu Ukutani: Namna ya Kuchagua na Kutundika Vichaka vya Van Gogh

Ukiingia duka la mapambo ya nyumba ukaulizia picha ya Vincent van Gogh, mara nyingi utatolewa mbili: alizeti ndani ya chombo, na ule usiku wa nyota zinazozunguka juu ya kijiji. Ni picha kubwa zote mbili na sina neno baya juu yake. Lakini anayetaka kuishi na kazi ya mchoraji huyu miaka kumi, asubuhi na jioni, mimi humshauri aende upande mwingine wa kazi zake, upande wa misitu. Huko kuna mashina ya miti yaliyofunikwa na mimea itambaayo, nyasi zilizotiwa madoa na jua, maua madogo yasiyo na jina, na mizizi iliyoachwa wazi kwenye kingo ya udongo.

Sababu yangu ni hii. Picha yenye kitu kimoja kikubwa katikati huisha haraka. Jicho huenda palepale kila siku, hukikuta kilekile, na baada ya miezi michache haliendi tena. Picha inabaki kuziba doa la ukuta. Picha ya ndani ya msitu haina kitu kikuu. Haina mbingu ya kukupumzisha wala upeo wa macho wa kukuonyesha mwisho. Jicho linaingia kati ya mashina, linatafuta pa kupita, linarudi kwa njia nyingine. Leo utaona kijani, kesho utaona kwamba kile ulichokiita kijani kina buluu na manjano na zambarau ndani yake.

Van Gogh hakuanza misitu uzeeni, ikiwa tunaweza kusema uzee kwa mtu aliyekufa na miaka 37. Mwaka 1882, alipokuwa The Hague na ndiyo kwanza anajifunza rangi za mafuta, alikwenda kwenye misitu ya karibu kuchora. Akamwandikia ndugu yake Theo kwamba brashi ilishindwa kuyasimamisha mashina juu ya ardhi iliyokwisha kupakwa rangi nzito, kwa hiyo akayakamua mashina na mizizi moja kwa moja kutoka kwenye tyubu, kisha akayafinyanga kwa brashi. Kutoka kipindi hicho tunayo picha ya msichana mwenye gauni jeupe amesimama kando ya mti mkubwa, iliyoko leo katika Jumba la Makumbusho la Kröller-Müller huko Otterlo, Uholanzi. Ni picha ya rangi za udongo, nzito, ya kimya. Wengi hawaamini kwamba ni ya mkono uleule.

Miaka mitano baadaye yuko Paris, amekwisha kuwaona Waimpreshonisti na amefahamiana na Paul Signac, aliyekuwa akijenga picha kwa nukta za rangi safi. Vichaka vyake vya mwaka 1887 vimejaa nukta na vistari vyepesi vya kijani na manjano, na hewa inapita. Sebule yenye mwanga mdogo itafurahi navyo, ingawa kwangu mimi bado ni picha za mtu anayejaribu vazi la wenzake.

Lake mwenyewe alilipata Saint-Rémy. Tarehe 8 Mei 1889 alijipeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Paul-de-Mausole, kusini mwa Ufaransa. Wiki za mwanzo hakuruhusiwa kutoka nje ya ukuta, na bustani ya hospitali ilikuwa imeachwa bila kupaliliwa: misonobari mirefu, nyasi zilizochanganyika na magugu, mimea itambaayo ikipanda kwenye mashina na kutandaa chini. Alichora alichokuwa nacho. Mojawapo ya picha za bustani hiyo iko katika Jumba la Makumbusho la Van Gogh mjini Amsterdam, ya Julai 1889, yenye upana wa sentimita 92 na kimo cha 73, na ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote kwa nyumba ya kawaida.

Itazame kwa karibu kabla hujaamua. Mashina yamekatwa juu. Huoni tawi moja wala jani moja la kileleni. Ukingo wa picha umeyakata kama vile umeinamisha kichwa na kutazama chini tu. Hilo alijifunza kwenye picha za Kijapani zilizochapwa kwa mbao, ambazo yeye na Theo walikusanya kwa mamia. Mimea itambaayo imefunika mashina na ardhi kwa vipigo vifupi vya brashi, vilivyojipinda, vilivyopangana kwa wingi hata huwezi kusema jani moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Kisha, hapa na pale, jua limepenya: mabaka ya manjano na kijani cha limau yamelala juu ya kijani kizito kinachokaribia buluu. Hakuna nyeusi tupu. Vivuli vyote vina rangi, na ndiyo maana picha yenye giza kiasi hicho haitii huzuni chumbani.

Hospitali aliiacha Mei 1890, akahamia Auvers-sur-Oise, kijiji kilicho kaskazini mwa Paris. Alikaa huko kama siku 70 na akachora zaidi ya picha 70. Wiki za mwisho alipenda kanvasi ndefu za sentimita 50 kwa 100, yaani miraba miwili iliyounganishwa, na alizitumia mwishoni mwa Juni kuchora picha ya vichaka yenye watu wawili, ambayo sasa ni mali ya Jumba la Sanaa la Cincinnati, Marekani. Mashina ya mipopla yamesimama kwa safu, ya zambarau na buluu, mithili ya nguzo. Chini yake nyasi zimejaa maua. Katikati ya miti wanakuja mwanamume na mwanamke ambao nyuso zao hazikuchorwa. Ni wadogo kiasi kwamba mgeni anaweza kukaa kwako jioni nzima asiwaone, na akiwaona atakuuliza wanakwenda wapi. Kila mtu ana jibu lake. Nimesikia watu wakisema ni wachumba, wengine wakasema ni wazazi wanaorudi mazikoni, na picha inawakubalia wote.

Jambo moja kuhusu picha hiyo kila mnunuzi alijue. Maua mengi yanayoonekana meupe leo hayakuwa meupe. Van Gogh alitumia waridi lililotengenezwa kwa kemikali ya eosini, rangi kali ya kupendeza ambayo mwanga huila. Wanasayansi walioichunguza picha ya Cincinnati waliyakuta mabaki ya eosini ndani ya vipigo vinavyoonekana vyeupe, wakatengeneza kwa kompyuta sura ya picha jinsi ilivyokuwa, na ule uwanda wa maua ukarudi kuwa wa waridi. Hivyo ukikuta toleo la kuchapwa ambalo uwanda wake ni mweupe na wa kijani, mchapaji hajakosea. Ndivyo ilivyo sasa. Ukikuta toleo lenye waridi jingi, muulize muuzaji: amefuata uchunguzi huo, au ameongeza rangi ili picha ivute macho dukani? Mara nyingi ni hilo la pili.

Na ile picha ya mizizi niliyoigusia mwanzoni? Hiyo ndiyo inayoaminika kuwa picha yake ya mwisho, na nayo ina kipimo cha 50 kwa 100. Shemeji wa Theo, Andries Bonger, aliandika kwamba asubuhi ya siku ile Van Gogh alikuwa amechora sehemu ya ndani ya msitu, iliyojaa jua na uhai. Jioni ya siku hiyo, 27 Julai 1890, alijipiga risasi, akafariki tarehe 29. Mwaka 2020 mtafiti Wouter van der Veen aliitambua kingo yenyewe ya mizizi hiyo kutokana na postikadi ya zamani: iko kando ya barabara, mita kama 150 kutoka nyumba ya wageni alimopanga. Mizizi na mashina ya buluu yanapigana na udongo wa manjano, na sehemu ya picha haikukamilika. Ni kazi ya ajabu. Naipenda sana, na bado siishauri kwa kila nyumba. Chumba cha mtu aliye katika msiba au anayeuguza moyo hakiihitaji, si kwa sababu picha yenyewe ina huzuni, maana haina, bali kwa sababu habari yake inajulikana na itaingia mlangoni pamoja nayo. Kwa chumba cha kusomea, kwa studio, kwa ofisi ya mtu anayefanya kazi ya kufikiri, ni vigumu kupata iliyo bora.

Msomaji asidhani tunamvunjia heshima mchoraji kwa kuzungumzia kuta na sofa. Yeye mwenyewe aliwaza sana kuhusu kuta. Alipokuwa Antwerp mwaka 1885 alimwandikia Theo kwamba chumba chake kimekuwa cha kuvumilika tangu alipobandika picha za Kijapani ukutani. Alizeti za Agosti 1888 zilichorwa ili kupamba nyumba ya Arles kwa ajili ya ujio wa Paul Gauguin. Yale matawi ya mlozi yenye maua aliyachora Februari 1890 kwa ajili ya mpwa wake aliyekuwa amezaliwa, na alikusudia yatundikwe katika chumba cha kulala cha Theo na mkewe Jo.

Sasa chumba chako. Kwa sebule yenye sofa ya watu watatu, picha ndefu ya 50 kwa 100 ndiyo yenye umbo linalofuata samani. Ikining'inia juu ya sofa inaufanya ukuta uonekane mpana. Hapo chagua ya Cincinnati. Sofa ikiwa na urefu wa mita mbili, picha ya mita moja inatosha ikiwa na fremu nene. Ukitaka ijaze vizuri, ichapishe kwa sentimita 120 kwa 60, ukuta utaipokea. Chumba cha kulala kinataka ile ya Saint-Rémy, kwa sababu giza lake ni la kupumzisha, na ukiamka alfajiri utaiona ikifunguka kidogokidogo kadiri mwanga unavyoingia. Mezani pa chakula sioni kama picha hizi zinafaa. Pale watu wanataka kitu cha kuchangamsha, na kijani kizito nyuma ya sahani hakisaidii chakula.

Korido na vyumba vidogo vina dawa yao, nayo si ya Van Gogh. Oktoba 1888 kijana Paul Sérusier alichora mandhari ya msitu wa Bois d'Amour, karibu na Pont-Aven, huku Gauguin akimwelekeza aweke rangi kama anavyoiona, kijani kikiwa kijani kamili na kivuli kikiwa buluu. Ubao ule wa sentimita 27 kwa 21 na nusu, unaoitwa Talasimu, uko katika Jumba la Orsay mjini Paris. Kwa kuwa asili yake ni ndogo, unaweza kuuchapisha kwa kipimo chake kamili na ukaning'iniza mwishoni mwa korido kitu chenye ukubwa uleule aliouona mchoraji. Ni raha ambayo picha kubwa haziwezi kukupa kwa bei hiyo.

Kuipata picha ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Van Gogh alifariki mwaka 1890, kwa hiyo kazi zake hazina tena mwenye hakimiliki, na makumbusho mengi makubwa yameweka mtandaoni picha za ubora wa juu. Jumba la Amsterdam linakuruhusu kupakua bure kwa matumizi yako binafsi. Anzia huko. Usianzie kwenye picha uliyoikuta kwenye simu, kwa sababu imekwisha kupita mikono mingi na kila mkono umeongeza rangi au umekata ukingo. Na ukinunua iliyokwisha kuchapwa, fungua tovuti ya jumba husika kwenye simu yako palepale dukani, ulinganishe pembe nne. Katika picha ya msitu kipande kilichokatwa hakijionyeshi kama pua ya mtu iliyokatwa. Wauzaji wanalijua hilo.

Hesabu ya ukubwa si ngumu. Ili picha ya upana wa mita moja itoke safi unapoisimamia kwa hatua mbili, faili iwe na pikseli zisizopungua 6,000 kwa upana. Kwa upana wa nusu mita, pikseli 4,000 ni nzuri sana. Chini ya hapo vipigo vya brashi vinayeyuka, na msitu wa Van Gogh usio na vipigo ni ukungu wa kijani tu. Ukishaipata faili, usiitume kwa mchapaji kupitia WhatsApp kama picha ya kawaida, maana itabanwa. Itume kama dokumenti au ipeleke mwenyewe kwenye flashi.

Kisha mwangalie mchapaji wako ana mashine gani. Mashine nyingi za mitaani zimewekwa kwa ajili ya mabango ya harusi, kampeni na maduka. Zinachapa juu ya plastiki inayong'aa, na wino wake umekusudiwa kuonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Hizo ziache. Tafuta anayechapa picha za wapiga picha, mwenye karatasi nzito isiyong'aa au kanvasi ya pamba, na umuulize kama anatumia wino wa pigmenti, ambao hudumu zaidi dhidi ya mwanga. Akiwa anajua kazi yake atakujibu bila kusitasita.

Kabla hajachapa picha nzima, mlipe akutolee kipande cha sentimita 20 kwa 20 kwa kipimo halisi, kutoka sehemu yenye giza zaidi. Nasisitiza hili kwa sababu picha za msitu ndizo zinazoharibika kwa urahisi kuliko zote kwenye uchapaji. Skrini ina mwanga wake, karatasi haina. Vivuli vya buluu na kijani uliviona vizuri kwenye kompyuta. Karatasini vinazama vyote kuwa nyeusi moja, na kina chote cha picha kinapotea. Kipeleke kipande chako nyumbani, kibandike pale unapokusudia kutundika, ukitazame mchana na ukitazame usiku. Kama huwezi kutofautisha shina na kivuli kilicho nyuma yake, rudi umwambie mchapaji avifungue vivuli kidogo bila kugusa sehemu za mwanga. Mafundi wazuri hawachukizwi na mteja wa namna hii.

Karatasi au kanvasi? Kanvasi ina uso wa nyuzi na haihitaji kioo, jambo ambalo ni faida kubwa, kama nitakavyoeleza. Lakini ikatae ile tabia ya kuzungushia picha kwenye kingo za mbao ili "iendelee" ubavuni. Sentimita tatu au nne kila upande zinapotea, na ukingo ulioyakata mashina mahali fulani ulichaguliwa na mchoraji kwa makusudi. Mwambie fundi aache mpaka mweupe au mweusi ubavuni. Ikiwa ni karatasi, usikubali picha ivutwe au ikatwe ili ilingane na A2 au A1. Uwiano wa picha ya Saint-Rémy unakaribiana sana na fremu ya 40 kwa 50, nayo inapatikana. Ukilazimika kutumia A2, weka picha ya upana wa sentimita 45 na kimo cha karibu 36 katikati ya karatasi, uache weupe kuzunguka. Weupe huo utaipa picha pumzi.

Fremu iwe ya mbao tupu. Msonobari usiopakwa rangi unakwenda vizuri na picha za Paris, na mninga au mvule uliopigwa msasa na kupakwa nta unapendeza mno kando ya kijani cha Saint-Rémy, kwa sababu wekundu wa mbao unakiamsha kijani. Fremu za dhahabu zenye maua zipishe. Van Gogh alipenda fremu rahisi. Kwa alizeti aliwaza vipande vyembamba vya mbao vilivyopakwa rangi ya machungwa. Ukiwa na moyo, jaribu rangi ya machungwa iliyofifia kwenye fremu ya picha ya zambarau ya Auvers. Watu watakuuliza umeinunua wapi.

Kuhusu kioo: picha yenye giza ikiwekwa kioo cha kawaida na kutazamana na dirisha, hugeuka kioo cha kujitazamia. Utaona pazia, feni na uso wako, msitu hutauona. Kwa hiyo picha ya karatasi itundike kwenye ukuta ulio ubavuni mwa dirisha, si ule unaolikabili, au ulipie kioo kisichoakisi. Na popote utakapoiweka, jua la moja kwa moja lisiifikie. Ikiwa dirisha lako linatazama magharibi, simama chumbani saa kumi jioni ukaangalie mwanga unagusa wapi. Kama mwanga uliweza kulila waridi la bwana mwenyewe, wino wa mchapaji wa mjini hautapona.

Taa nazo zina neno. Balbu za manjano sana huzima buluu na zambarau, na picha ya Auvers ikipoteza zambarau imepoteza mashina yake. Zile nyeupe kali zinazopendwa jikoni na madukani hukifanya kijani kionekane cha mgonjwa. Nunua balbu ya LED ya katikati, iliyoandikwa 4000K kwenye boksi, na ukiona alama ya CRI ya 90 au zaidi, chukua hiyo. Gharama ni ndogo, na tofauti utaiona usiku uleule.

Wasomaji wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara na visiwani, mna adui mwingine: unyevu. Karatasi hunywa maji ya hewani, ikavimba, ikajikunja ndani ya fremu, kisha ukungu ukaanza kwenye pembe. Usitundike picha kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, wala kwenye ukuta wa nyumba ya mawe unaotoa chumvi na kumwaga chokaa. Bandika vipande vya raba au kizibo kwenye pembe nne za nyuma ya fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta. Mgongo wa fremu uzibwe kwa karatasi ngumu isiyo na asidi, au angalau usiwe ule ubao laini unaopendwa na mchwa. Kila mwanzo wa masika ishushe, igeuze, uitazame nyuma. Na katika nyumba yenye unyevu mwingi, chagua kanvasi.

Kimo ndicho kosa la nyumba nyingi. Tunatundika juu mno, kana kwamba picha ni saa ya ukutani. Kitovu cha picha kiwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, na juu ya sofa acha nafasi ya sentimita 15 hadi 20 tu. Kwa picha za msitu ningekwenda chini zaidi chumbani mnapokaa kwenye mikeka au magodoro ya chini. Mchoraji alikuwa ameinamisha macho kutazama ardhi, na ukiiinua picha hadi dari unamnyima mtazamaji ardhi hiyo. Ukuta wa matofali ya saruji utobolewe kwa drili na kutiwa skrubu mbili, moja kila upande, ili picha ndefu isilale upande mmoja kila mlango unapofungwa kwa nguvu.

Rangi ya ukuta? Krimu, kijivu chepesi, au udongo wa mfinyanzi uliofifia. Kijani usipake, kijani cha ukuta kitashindana na kijani cha picha na vyote viwili vitapoteza. Kinyago cha mpingo mezani chini ya picha kinakaa vizuri sana, kwa sababu weusi wake ni wa mti kwelikweli. Picha za Tingatinga ni suala jingine. Edward Saidi Tingatinga alianzisha mtindo ule Dar es Salaam kwa rangi za kung'aa zinazotumika kwenye baiskeli, juu ya mbao za mraba, na nguvu yake iko katika mistari iliyo wazi na rangi hizo. Ukiziweka ubavu kwa ubavu na vichaka vya Van Gogh, Tingatinga atashinda ndani ya dakika moja na Van Gogh ataonekana tope. Wape kuta zinazotazamana, kila mmoja atasema lake.

Wapo watakaotaka nakala iliyochorwa kwa mkono. Viko viwanda vya nakala hizo, maarufu zaidi kikiwa kijiji cha Dafen huko Shenzhen, China, na wapo wachoraji wazuri katika miji yetu wanaoweza kazi hiyo. Alizeti zinaweza kunakiliwa na mtu mwenye haraka zikaonekana alizeti. Msitu haunakiliki kwa haraka. Mwenye haraka atapaka kijani cha jumla, kisha atanyunyiza vidoa juu, na picha itakuwa bapa. Kwa hiyo kabla ya kulipa omba picha ya karibu ya kazi aliyokwisha kuimaliza, utazame sehemu ya giza: kama kivuli kimejengwa kwa rangi tatu au nne zilizopangana, mpe kazi. Kama ni nyeusi iliyochanganywa na kijani, mshukuru uondoke.

Kuna njia ninayoipenda zaidi, nayo ni kumpa mchoraji wa hapa picha ya Saint-Rémy aitazame wiki moja, kisha umpeleke kwenye msitu wa Jozani, Karura au Amani, akachore alichokiona hapo kwa namna ile: bila mbingu, mashina yamekatwa juu, vivuli vyenye rangi. Hutapata Van Gogh, na si lengo. Mkubaliane mapema kipimo, kanvasi na malipo ya awamu, nusu mwanzoni na nusu siku ya kuchukua. Akitumia rangi za mafuta nzito, mpe muda: tabaka nene huchukua miezi kukauka hadi ndani, hata kama juu hainati tena. Usiifunge kwa nailoni wala usiiweke kioo, na wakati wa kuibeba uso wake usiguse kitu chochote.